Nani Aliyebadilika? Wanawake wa Casablanca na Tarehe ya Kujitambua

Makala haya yamezaliwa na tatizo dogo la tafsiri. Tulikuwa tukiwaeleza wanafunzi kwa Kiswahili maisha ya mwandishi Jan Morris, aliyezaliwa Clevedon, Uingereza, tarehe 2 Oktoba 1926 na kufariki tarehe 20 Novemba 2020. Mtoto huyo aliandikwa mwanamume katika daftari la vizazi. Alipokua akawa askari, kisha mwandishi wa habari, kisha mume na mzazi wa watoto watano, ambao mmoja wao alifariki akiwa mchanga. Mwaka 1972 alikwenda Casablanca, nchini Moroko, akapasuliwa, na tangu hapo akaishi na kuandika kwa jina la Jan, akiwa mwanamke.

Sentensi nyepesi hazikututaabisha. Tukisema kwamba mwaka 1953 alifuatana na msafara uliofika kileleni mwa Everest, naye ndiye aliyeipeleka habari hiyo London, kiambishi a- hakituulizi kama tunamtaja mwanamume ama mwanamke. Mwingereza anayeandika sentensi hiyo hiyo hana budi kuchagua kiwakilishi cha kiume au cha kike. Mfaransa anaweza kukikwepa kiwakilishi kwa kurudia jina tu, lakini atanaswa na kivumishi. Sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa na kuzungumza Kiswahili nyumbani twaijua tofauti hiyo tangu utotoni, ingawa mara chache tumeketi kuitafakari.

Hata hivyo uhuru wa Kiswahili haufiki mbali. Mwaka 1949 Morris alifunga ndoa na Elizabeth Tuckniss. Je, tuseme "alimwoa"? Hapo tayari tumetoa hukumu, maana kwetu mwanamume huoa na mwanamke huolewa, na kitenzi chenyewe hubeba ushahidi. Baada ya safari ya Casablanca ndoa hiyo ilivunjwa kisheria, lakini wawili hao hawakuachana. Waliendelea kuishi pamoja na kujitambulisha mbele ya wageni kama mtu na nduguye wa ndoa. Neno walilotumia hatuna njia ya kulifasiri ila kwa kusema "wifi", na wifi huitwa na mwanamke kwa mwanamke. Kwa hiyo katika ukurasa mmoja tulijikuta tumeandika kwamba Morris alimwoa Elizabeth kisha akawa wifi yake. Wanafunzi walicheka, nasi tukacheka pamoja nao. Kisha mmoja wao akauliza: "Alibadilika lini?"

Swali hilo ndilo msingi wa makala haya. Katika redio na magazeti yetu, usemi unaotumika ni "kubadili jinsia". Msomaji aupime usemi huo. Mtu hubadili nguo, hubadili fedha, hubadili dini. Kulikuwa na kitu cha kwanza, sasa kuna cha pili, na katikati yake kuna siku. Twataka kuonyesha kwamba wanawake wa aina ya Morris, walipoandika au kusimulia habari zao wenyewe, mara nyingi walikikataa kitenzi hicho, wakakiweka kingine mahali pake. Na kwamba chini ya ugomvi wa vitenzi umefichika ugomvi wa tarehe. Karani wa vizazi huhesabu tangu siku ya kuzaliwa. Mwandishi wa gazeti huhesabu tangu siku ya kisu. Mwenyewe huhesabu tangu mahali pengine kabisa. Kwa mwanahistoria, ambaye tarehe ni chakula chake, jambo hilo si dogo. Kwa wanawake wenyewe lilikuwa kubwa zaidi, kwani tarehe iliyokubaliwa ndiyo iliyoamua nani ataolewa, nani atapata kazi, nani atapita mpakani bila kuaibishwa.

Hatuzungumzii hapa utabibu, wala hatuzungumzii jamii zetu za Kongo, ambazo zingehitaji uchunguzi wa namna nyingine. Tumechagua wachache waliopitia Casablanca kwa sababu habari zao zimo katika vitabu na hukumu za mahakama ambazo yeyote anaweza kuzisoma.

Kwa nini Casablanca

Mji huo ulipata sifa hiyo kwa ajili ya mtu mmoja, daktari Mfaransa Georges Burou, bingwa wa magonjwa ya wanawake, aliyekuwa na kliniki yake humo. Alianza upasuaji wa aina hii mwaka 1956, mwaka ule ule Moroko ilipojipatia uhuru. Ufaransani kwenyewe madaktari waliogopa: sheria ya adhabu ya mwaka 1810 ilihesabu kumhasi mtu kuwa jinai, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuijaribu mbele ya hakimu. Kwa hiyo Wafaransa, na baada yao Waingereza na wengine, wakavuka bahari. Ni kinyume cha safari tuliyoizoea, ambamo mgonjwa wa Afrika hutafuta tiba Ulaya. Lakini tusijisifu kwa haraka, kwani mpasuaji alikuwa Mfaransa, wateja wengi walikuwa Wazungu, na malipo yalikuwa makubwa. Burou alifariki mwaka 1987.

Casablanca haikuwa mwanzo. Mchoraji wa Denmark Lili Elbe alipasuliwa Ujerumani miaka ya 1930 na 1931, akafariki Dresden mwezi wa Septemba 1931. Kitabu cha maisha yake kilitoka kwa Kidenmark mwaka ule ule, na jina lake lilitangaza safari kutoka mwanamume hadi mwanamke. Taasisi ya Magnus Hirschfeld ya Berlin, iliyokuwa kitovu cha elimu ya mambo haya, ilivamiwa tarehe 6 Mei 1933 na wanafunzi wafuasi wa Hitler, na vitabu vyake vikachomwa hadharani siku chache baadaye. Twalitaja jambo hili kwa kupita, ingawa linastahili kukumbukwa na kila mtu wa chuo kikuu: waliochoma walikuwa wanafunzi.

Vitenzi viwili

Tarehe 1 Desemba 1952 gazeti moja la New York lilitangaza katika ukurasa wake wa kwanza kwamba aliyekuwa askari amegeuka kuwa mrembo wa nywele za dhahabu. Alikuwa Christine Jorgensen, Mmarekani wa mtaa wa Bronx, aliyekuwa akitibiwa Copenhagen. Kitenzi cha gazeti kilikuwa kugeuka. Lakini Jorgensen alikuwa amewaandikia wazazi wake barua, na barua hiyo ikajulikana duniani. Humo alieleza kwamba maumbile yalifanya kosa, naye amelisahihisha, na sasa yeye ni binti yao. Kitenzi chake kilikuwa kusahihisha.

Tofauti ya vitenzi hivyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kinachogeuka hakikuwapo kabla. Kinachosahihishwa kilikuwapo tangu mwanzo, ila kimeandikwa vibaya. Mwalimu anayesahihisha daftari la mwanafunzi habadili hesabu. Mbili na mbili zilikuwa nne hata kabla ya kalamu yake nyekundu.

Usemi wa kusahihisha ulitumiwa pia na Coccinelle, mwimbaji wa Paris. Alizaliwa mwaka 1931, akaanza kuimba mwaka 1953 katika kabare ya Madame Arthur, baadaye katika ile ya Carrousel, naye akawa miongoni mwa wa kwanza kujulikana sana waliopitia mikononi mwa Burou, mwaka 1958. Yeye naye alieleza kwamba daktari alinyoosha kosa la maumbile. Jina lake liliandikwa upya katika daftari, na baadaye alifunga ndoa kanisani Montmartre, mbele ya umati na wapiga picha. Kwa Coccinelle kujikubali hakukuwa na siri: alijikubali jukwaani, taa zikiwaka. Haki yatutaka tuseme pia kwamba ushahidi wake haukubaliani kabisa na hoja yetu. Mwaka 1994 alishiriki kuanzisha chama cha kuwasaidia wenziwe, na jina la chama hicho kwa Kifaransa maana yake ni "Kuwa Mwanamke", yaani kufikia hali hiyo. Mtu yule yule aliyesema kosa limenyooshwa alisema pia kwamba mwanamke ni kitu mtu anachokifikia. Hatuoni sababu ya kumlazimisha achague.

Kundi la Carrousel lilisafiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 lilifika Algiers, na miongoni mwa watazamaji alikuwamo kijana wa Les Issers, kijiji cha Kabylie, aliyezaliwa tarehe 11 Novemba 1935. Baadaye angejulikana jukwaani kwa jina la Bambi, na nje ya jukwaa kwa jina la Marie-Pierre Pruvot. Ameeleza kwamba tangu utoto alijiona msichana na kudai nguo za kisichana, na kwamba hakujua kama duniani kuna mtu mwingine wa namna yake mpaka alipowaona wale waimbaji. Hapa pana jambo ambalo mwanahistoria asilipite. Kujitambua kulitangulia, lakini kulikuwa bubu. Kilichokuja Algiers ni habari kwamba inawezekana kuishi hivyo. Mtu aweza kujijua kwa miaka mingi bila kuwa na neno la kujisemea.

Mahakama inaandika tarehe yake

Karibu na wakati huo huo alifika katika Carrousel Mwingereza April Ashley. Alizaliwa Liverpool tarehe 29 Aprili 1935 katika jamaa maskini, akawa baharia akiwa bado kijana, akajaribu kujiua, akatiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ambako walijaribu kumgeuza kwa matibabu ya umeme. Tarehe 12 Mei 1960 alipasuliwa Casablanca. Aliporudi London alifanya kazi ya kuonyesha mitindo ya nguo mpaka mwaka 1961, gazeti moja la Jumapili lilipoichapa siri yake. Kazi ikakatika karibu mara moja.

Mwezi wa Septemba 1963 Ashley alifunga ndoa huko Gibraltar na Arthur Corbett, mtoto wa ukoo wa kikabaila, aliyejua habari zake zote kabla ya ndoa. Hawakudumu pamoja. Mwaka 1966 mawakili wa Ashley walidai fedha za matunzo. Mwaka uliofuata Corbett alijibu kwa kuiomba mahakama itamke kwamba ndoa hiyo haikuwa ndoa tangu mwanzo, kwa sababu mkewe ni mwanamume. Madaktari bingwa waliitwa kutoa ushahidi, wa upande huu na wa upande ule. Jaji Ormrod, ambaye naye alikuwa amesomea udaktari, alitoa hukumu mwezi wa Februari 1970. Alisema kwamba kwa ajili ya ndoa jinsia ya mtu hupimwa kwa mambo matatu, yaani kromosomu, tezi za uzazi na viungo vya uzazi, kama yalivyokuwa siku ya kuzaliwa. Yaliyokuja baadaye hayahesabiwi, na yale yaliyomo moyoni hayahesabiwi pia.

Kwa Kiswahili hukumu yote yaweza kuandikwa kwa neno moja: *hakuolewa*. Mwanamke aliyesimama Gibraltar mbele ya mfungisha ndoa, akaitwa mke kwa miaka sita, aliambiwa kwamba kitenzi hicho hakikumhusu hata siku moja. Hukumu ile ilifuatwa katika nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza, na katika Uingereza yenyewe ilitawala kwa zaidi ya miaka 30.

Tukiisoma leo, kinachotushangaza ni ile tarehe kuliko ukali wake. Jaji alikubali kwamba mtu aliyekuwa mbele yake alikuwa na maisha marefu, kumbukumbu, jina, umbo na sifa. Kisha akaamua kwamba ushahidi wenye nguvu ni wa dakika moja tu, dakika ambayo mkunga alimtazama mtoto mchanga na kutamka neno. Sisi wanahistoria twapaswa kuuliza, kama tunavyouliza juu ya kila hati: nani aliyeandika, aliona nini, na kwa haraka gani? Cheti cha kuzaliwa ni ushahidi wa mtu mwingine. Huenda ni ushahidi mwema, lakini ni shahidi mmoja.

Kitendawili

Mwaka 1974 Jan Morris alichapisha kitabu ambacho jina lake, *Conundrum*, kwa Kiswahili ni "Kitendawili" tu, wala hatuhitaji neno jingine. Anaanza na kumbukumbu ya utoto. Alikuwa na umri wa miaka mitatu au minne hivi, ameketi chini ya piano huku mama yake akipiga, ndipo akatambua kwamba amezaliwa katika mwili usio wake na kwamba kwa haki angekuwa msichana. Baadaye, akiwa mtoto mwimbaji katika kanisa kuu la Oxford, alikuwa akiomba kimya kila siku Mungu amfanye msichana.

Msomaji makini atapinga hapa, na atakuwa na haki. Mtu wa miaka 47 anayeandika juu ya mtoto wa miaka mitatu haandiki yale aliyoyaona. Anaandika yale ambayo miaka 40 imeyachagua. Hakuna hati itakayotuthibitishia yaliyotokea chini ya piano ile. Twakubali. Lakini hatukitumii kitabu hicho kama shahidi wa chumba cha piano. Twakitumia kama shahidi wa namna mtu huyo anavyoyapanga maisha yake, na katika mpango huo Casablanca iko karibu na mwisho. Piano ndiyo mwanzo. Katikati kuna jeshi, Everest, ndoa ya upendo, watoto, na tangu mwaka 1964 homoni, ambazo kwa hesabu yake mwenyewe zilifikia vidonge 12 000 hivi.

Madaktari wa London walikuwa tayari kumpasua kwa sharti moja: amwache kwanza Elizabeth kisheria. Morris alikataa kuamriwa wakati wa kuvunja ndoa yake, akaenda Moroko. Anasimulia kwamba usiku ule, dawa ya usingizi ikianza kumlegeza, aliinuka akaenda mbele ya kioo kujiaga, akajitazama machoni na kujikonyeza kwa kujitakia heri. Katika kitabu kizima hatujui mahali panapogusa kama hapo. Anayeaga ni nani, na anayeagwa ni nani? Kama kweli alikuwa mwanamke tangu chini ya piano, yule wa kiooni hakuwa mgeni wa kufukuzwa. Alikuwa mwenzi wa safari ya karibu miaka 46, aliyepanda milima na kuzaa watoto. Hakumlaani. Twaona hapo namna ya kujikubali isiyopatikana katika masimulizi mengi ya aina hii, ambayo hupenda kumzika mtu wa kwanza bila sala.

Katika mchezo wetu wa vitendawili, wasikilizaji wakishindwa huombwa watoe mji, na mtegaji akishaupokea ndipo anapofumbua. Magazeti ya wakati ule yalikuwa wasikilizaji walioshindwa: yalitoa mji wa Casablanca, yakadhani mji ndio jibu. Kumbe mji ni ada ya kushindwa tu. Morris, aliyeandika vitabu mashuhuri juu ya Venice, Oxford na Trieste, aliyejua kuikaa na kuisoma miji kuliko waandishi wengi wa zama zake, aliipa Casablanca kurasa chache.

Kitabu hicho hakikupokewa na wote kwa furaha. Baadhi ya waandishi wanawake, Rebecca West akiwa mmoja wao, walikishambulia mwaka ule ule wa 1974. Walilalamika kwamba mwanamke anayejitambua humo ni mwanamke wa kale: hupendezwa kufunguliwa milango na kubebewa mizigo, na hujifunza upesi kujiona hajui mambo ya mitambo. Twadhani lawama hiyo ina uzito. Wanawake waliokuwa wakipigania kazi na mishahara hawakuwa na haja ya shahidi mpya wa udhaifu wao. Ila lawama hiyo yahusu picha aliyokuwa nayo Morris juu ya uanawake. Haigusi swali la tarehe. Mtu aweza kuijua nafsi yake mapema na kuieleza vibaya.

Uzeeni Morris aliyapunguza mambo haya ukubwa. Katika mahojiano alisema kwamba hayakuwa makubwa kama watu walivyoyafanya. Alichoka kuwa "yule wa Casablanca", naye alikuwa ameandika makumi ya vitabu. Historia ya dola la Waingereza katika juzuu tatu, iliyo kazi yake kubwa kuliko zote, aliianza kabla ya safari ile na kuimaliza mwaka 1978, na msomaji asiyejua habari zake hataona mshono.

Bi B. na daftari la vizazi

Turudi kwenye kitenzi kusahihisha, kwa sababu Ufaransani kilipelekwa mahakamani chenyewe. Mwanamke mmoja, ambaye hati za kesi zinamwita B. tu, alizaliwa Sidi Bel Abbès, Aljeria, mwaka 1935, akaandikwa mwanamume, akapasuliwa Moroko mwaka 1972. Alitaka kuolewa. Mwaka 1978 aliiomba mahakama ya Libourne isahihishe cheti chake cha kuzaliwa. Sheria ya Kifaransa inalo neno hilo hilo: hati yenye kosa husahihishwa. Majaji wakamjibu kwamba hapakuwa na kosa. Karani aliandika alichokiona, na mabadiliko yaliyotokea aliyataka mwenyewe kwa njia zisizo za asili. Rufani ya Bordeaux ilimkatalia mwaka 1985, na Mahakama Kuu ya Paris mwaka 1987.

Msomaji ameona mtego. Akisema alibadilika, wanamwambia kwamba daftari halifuati mabadiliko ya hiari. Akisema palikuwa na kosa tangu mwanzo, wanamwambia karani hakukosea. Kitenzi cha kwanza kinampa lawama, cha pili kinamnyima ushahidi.

Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, iliyoko Strasbourg, ilitoka katika mtego huo kwa kutazama mahali pengine. Haikuuliza B. ni nani, iliuliza anaishije. Ufaransani kila mtu hupewa nambari ya bima inayoanza na 1 kwa mwanamume na 2 kwa mwanamke, na nambari hiyo humfuata kazini, benki, hospitali na posta. Kila siku mwanamke huyu alilazimika kumfunulia mgeni siri yake kabla ya kulipwa au kuhudumiwa. Tarehe 25 Machi 1992 majaji 15 dhidi ya 6 waliamua kwamba hali hiyo inavunja heshima ya maisha yake ya faragha. Mwezi wa Desemba mwaka huo Mahakama Kuu ya Paris ikageuza msimamo wake. Tangu sheria ya Novemba 2016, Mfaransa anayeomba daftari lifuate maisha yake hadaiwi tena ushahidi wa tiba.

Uingereza ilichelewa zaidi. Ilishindwa Strasbourg mwezi wa Julai 2002, ikatunga sheria mwaka 2004, na April Ashley, akiwa na umri wa miaka 70, hatimaye akatambuliwa kisheria kuwa mwanamke. Sheria hiyo ilileta tarehe ya nne, ambayo si ya mkunga, si ya mpasuaji, wala si ya mwenyewe: siku cheti kipya kilipotolewa. Kuanzia hapo mtu ni mwanamke. Yaliyopita hayaguswi, na aliyekuwa baba wa mtoto hubaki baba kisheria. Ashley alifariki tarehe 27 Desemba 2021. Mwezi wa Aprili 2025 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba katika sheria ya usawa ya mwaka 2010 neno "mwanamke" lina maana ya jinsia ya kuzaliwa. Anayedhani kwamba historia ya jambo hili hupanda mlima moja kwa moja bila kuteremka na asome hukumu hizo mbili pamoja, ya 1970 na ya 2025. Hazifanani kwa mengi, ila zote mbili zinarudi kwa mkunga.

Mwalimu

Tulimwacha Bambi jukwaani. Aliimba katika Carrousel kwa karibu miaka 20, naye pia akapitia Casablanca. Lakini mwaka 1969, akiwa na umri wa miaka 33, alifanya mtihani wa kumaliza sekondari, ambao wenzake waliufanya wakiwa na miaka 18, kisha akasoma fasihi Sorbonne. Kuanzia mwaka 1974 alifundisha Kifaransa, kwanza Cherbourg, baadaye Garges-lès-Gonesse, mji wa pembezoni mwa Paris wenye watoto wengi wa wahamiaji. Serikali ilimpa nishani ya walimu. Wanafunzi na walimu wenzake hawakujua lolote juu ya Carrousel wala Casablanca.

Kwa muda mrefu tuliyasoma maisha hayo kama maisha ya kujificha. Sasa hatuna hakika tena. Jukwaani kila mtu alijua, na kujua huko ndiko kulikouza tiketi. Darasani hakuna aliyejua, na kwa mara ya kwanza alikuwa mwalimu tu, mwanamke anayesahihisha insha jioni. Je, wapi alijikubali zaidi? Alipostaafu alianza kuandika. Kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka mwaka 2007, na mwaka 2013 Sébastien Lifshitz akatengeneza filamu juu yake, iliyopata tuzo katika tamasha la Berlin. Alipolisema jambo hilo hadharani alikuwa na zaidi ya miaka 65, na hakuna aliyemlazimisha. Ukiyaandika maisha yake kwa Kiswahili utaona kwamba vitenzi vya mwanzo ni vya kutendwa: aliandikwa, aliitwa, alipasuliwa. Vya mwisho ni vya kujitenda, na katikati kuna safu ndefu ya vitenzi vya kawaida kabisa: alisoma, alifundisha, alipanda treni, alirudi nyumbani.

Yule mwanafunzi aliyeuliza Morris alibadilika lini hakupata tarehe kutoka kwetu. Tulimpa nne, pamoja na majina ya walioziandika, tukamwomba atafute kitenzi kinachozistahimili zote. Bado anatafuta, nasi hatujaifuta "alimwoa" katika tafsiri yetu, wala "wifi". Mwaka 2008 Morris na Elizabeth walirudi mbele ya sheria huko Pwllheli, Wales, wakaandikwa tena kuwa wenzi. Walikuwa wamekwisha kuandaa jiwe la kaburi, lenye maneno kwa Kiingereza na kwa lugha ya Wales, yanayoeleza kwamba hapo wamelala marafiki wawili, mwisho wa maisha mamoja. Sentensi hiyo tuliifasiri bila taabu.